Gari la Kuivuta Mashua ya Randa

Alikosa gari. Alikosa leseni ya kuendesha gari hilo asilokuwa nalo. Alikosa mke, ambaye angekuwa hai angemshika mkono akamwambia, "Mume wangu, mengine mwachie Mungu." Alikosa wateja wa mashua, ingawa wa vitanda na makabati alikuwa nao. Alikosa usingizi wa mchana, ule ambao wazee wenzake waliusifia kama dawa. Na kubwa kuliko yote, alikosa jina. Jina lilikuwepo, ila lilikuwa mikononi mwa watu, wakilichezea kama watoto wanavyochezea kopo tupu.

Jina lenyewe lilikuwa Randa. Hakupewa na wazazi. Alipewa karakanani siku za ujana wake, kwa sababu ubao ukishapita mikononi mwake ungeweza kuutelezesha shavuni kwa mtoto mchanga. Kwa miaka mingi mtu akisema "hii ni ya Randa", maana yake ilikuwa: usiulize, nunua. Sasa maneno yalikuwa yamegeuka. Kiti kikivunjika mguu, watu walisema, "Mashua ya Randa hiyo." Uchumba ukivunjika kabla pete haijazoea kidole, "Mashua ya Randa." Aliwahi kukaa kwenye foleni ya hospitali akamsikia muuguzi mmoja, binti asiyemfahamu hata kidogo, akimwambia mwenzake kuhusu kitanda cha magurudumu: "Usimlaze mgonjwa hapo, hiyo mashua ya Randa." Wakacheka. Randa akainuka, akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye bwawa kubwa nje ya mji, mahali ambapo watu wenye nafasi walikuwa wameanzisha chama cha wenye mashua. Randa, baada ya maisha yote ya kutengeneza vitu vinavyokaa mahali pamoja, alitamani kutengeneza kitu kinachokwenda. Akaunda mashua ndogo ya mbao, ya watu wanne, na mchomeleaji mmoja akamtengenezea trela la kuibebea. Wanachama kadhaa wakamwahidi: ikigusa maji ikaelea, nao wataagiza. Ilibaki kuifikisha majini tu.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Mtaani walimwita Bwana Kioo, kwa jinsi alivyoliosha gari lake. Lilikuwa gari kubwa, jeusi, na ungeweza kunyolea ndevu mlangoni pake.

"Shemeji, gari si lipo?" Bwana Kioo alimwambia. "Gari la kuvuta nyumba hili, sembuse kisanduku chako cha mbao!"

Trela huvutwa hivi. Nyuma ya gari hufungwa gololi ya chuma, kubwa kama ngumi ya mtoto. Mbele ya trela kuna kikombe cha chuma kinachoikalia gololi hiyo na kuibana. Gololi na kikombe lazima viwe vya kipimo kimoja. Gololi ikipungua kidogo tu, kikombe kitajifunga vizuri, kitatulia vizuri, na kitakusubiri kwenye tuta la kwanza. Randa alinunua gololi inayolingana na kikombe chake, nyeusi, isiyo na sura. Akaipaka grisi, akaifunga kwa kitambaa cha turubai, akapiga juu yake fundo lake mwenyewe, lile alilofundishwa karakanani, ambalo halifunguki bila kukatwa.

"Funga hii, shemeji. Si nyingine, hii."

"Nimekusikia, shemeji. Wewe tangulia kwa wageni."

Akatangulia. Wakangoja bwawani mpaka vinywaji vikapata moto. Mwisho Bwana Kioo akatokea, gari linang'aa, nyuma hakuna kitu. Akashuka, akatandaza mikono mbele ya watu wote.

"Poleni jamani. Mashua imefumuka yenyewe njiani. Mbao zimeachana kama mke na mume! Imebidi nilifungue trela mwenyewe, lisije likanitia mtaroni."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kile ndicho kilichosafiri mji mzima.

Randa aliikuta mashua yake kwenye tuta la barabarani, mwisho wa mtaa wa shemeji, imelala ubavu, pua imepasuka. Trela lilikuwa mtaroni. Baadaye mdogo wake akamletea kile kifurushi cha turubai. "Shemeji yako anasema asante, huu mzigo wako." Randa alikitupa kwenye sanduku la misumari ya zamani bila kukitazama. Nani anatazama kijiko alicholishia mgonjwa aliyekufa?

Na jambo baya zaidi ni kwamba aliamini. Fundi mzima, mvi kichwani, aliamini kwamba kazi ya mikono yake ilifumuka. Akalaumu gundi. Akalaumu unyevu wa mbao. Akalaumu macho yake. Kisha akakaa chini akaunda mashua ya pili, polepole, kila kiungo akikikagua kama anayetafuta mwizi ndani ya nyumba. Ilipokwisha aliifunika turubai, na moyoni hakuwa na hamu tena ya kuelea. Alikuwa na hamu ya kupita.

Kupita wapi? Mlangoni kwa Bwana Kioo.

"Nataka gari kama lake," alimwambia binti yake. "Ila kubwa zaidi. Na ling'ae zaidi. Tulipitishe pale polepole likiwa na mashua nyuma, yeye akiwa barazani na gazeti lake."

Binti yake alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke mwenye sauti ya kunyamazisha watoto sitini bila kugeuka. Aliinua macho kumtazama babaye kwenye kioo cha ndani cha gari, kwa mazoea, ingawa walikuwa wamekaa mezani na kioo hakikuwepo.

"Na nani ataliendesha?"

"Wewe."

"Basi na mimi nitakuwa na la kusema kwenye kulichagua."

"Utasema. Nitasikia. Halafu nitachagua."

Walikwenda kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, wa mwanamke aliyejulikana kama Mama Spana. Alikuwa mnene, mwenye ovaroli iliyokatwa mikono, na alizungumza na wateja akiwa amelala chini ya magari, hivyo mtu aliyefika mara ya kwanza alikaribishwa na viatu.

"Karibuni," viatu vikasema. "Mnatafuta la kubebea watu au la kubebea sifa?"

"La kuvuta mashua," alisema Randa.

Mama Spana akajisukuma nje, akaketi, akajifuta mikono. "Nzito kiasi gani?"

"Watu wanne wanaibeba kwa shida. Na trela la chuma."

"Na huko majini, unashukia sakafu ya saruji au tope?"

"Saruji. Lakini ina utelezi."

"Haya. Zunguka, nionyeshe unalolitaka, nami nitakuambia kwa nini hulitaki."

Randa hakuzunguka sana. Lilikuwepo moja la rangi ya fedha, refu, vioo vyeusi, limepangwa mbele kabisa kuwavuta wapita njia. Akasimama mbele yake akajiona mzima mlangoni, kuanzia kofia hadi viatu. Akafikiri juu ya baraza ya Bwana Kioo.

"Hili."

"Hilo ni la harusi, mzee," alisema Mama Spana. "Pinda mgongo. Pinda, hakuna anayekucheka. Chungulia chini. Unaona chasi? Huoni, kwa sababu haipo. Limekunjwa bati kama kopo la maziwa. Utaifunga wapi gololi? Kwenye bampa? Bampa la plastiki! Utavuta bampa, mashua itabaki nyumbani."

"Fundi hawezi kuongeza chuma?"

"Anaweza. Halafu sikia la pili. Hili linakwenda kwa magurudumu ya mbele. Ukirudi nyuma mpaka majini, mzigo wote uko mkiani, pua inanyanyuka. Ukitaka kutoka, magurudumu ya mbele yanaparua saruji kama kuku anayetafuta mdudu. Wenzako wanapiga picha."

"Na breki, baba," binti akaongeza. "Kuondoka si kazi. Basi langu mtu yeyote anaweza kuliondoa. Kazi ni kulisimamisha mteremkoni na kelele zote zile nyuma. Mzigo ukimzidi uzito anayeuvuta, basi mzigo ndiye dereva."

Randa alinuna. Akaonyeshwa kigari cha mizigo, cheupe, kirefu kwenda juu kama kabati. Binti akakikataa kwa kukitazama tu, akasema upepo wa bwawani utakibeba pamoja na mashua. Kisha Mama Spana akawapeleka nyuma ya kibanda, akapiga kofi kwenye boneti ya pikapu moja.

Ilikuwa ya rangi ya chungwa. Rangi yenyewe ilikuwa imechoka, na mlangoni yalionekana bado maandishi yaliyofutwa vibaya ya idara ya maji, iliyokuwa ikiitumia kubebea mabomba. Taa moja ilikuwa ya njano kuliko ya pili. Ilikaa pale kama mtu mzima aliyekuja kwenye sherehe na nguo za kazi.

"Hii ina uti wa mgongo," alisema Mama Spana. "Vyuma viwili vya chasi, vinene, mwanzo hadi mwisho, na kiungo cha kuvutia kimefungwa kwenye chasi yenyewe. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na ukitaka, ya mbele yanasaidia. Gia ya chini kabisa inatembea taratibu mpaka konokono atakupigia honi. Nzito. Injini ya dizeli. Sehemu ya kupoza maji nimeweka mpya, maana gari linalovuta hupata homa. Haitakusifu, lakini haitakuacha."

"Nipite na hii kwa shemeji?" Randa alipaza sauti. "Si atadhani nimekuja kuzibua choo!"

"Mzee, samahani nikuulize. Unatafuta gari la kuvuta mashua, au la kumvuta shemeji yako?"

Binti yake akageuka upande, mabega yakimcheza. Randa aliona kwamba anachekwa, na kuchekwa kulikuwa kidonda chake. Akawaacha hapo, akaondoka kwa hatua za hasira katikati ya magari, mikono nyuma, akizungumza peke yake. Ndivyo alivyofika kwenye pembe ya mwisho ya uwanja, na ndivyo alivyojikuta anatazamana na gari kubwa jeusi ambalo mtu angeweza kunyolea ndevu mlangoni pake.

Alilitambua kabla hajalizunguka. Alilitambua kwa kile kishanga cha buluu ambacho mdogo wake alikuwa amekifunga kwenye kioo cha ndani. Akazunguka nyuma, kwa nini, mwenyewe hakujua. Labda kama mtu anavyotazama mahali alipoangukia.

Pale chini ya bampa ilikuwepo gololi. Inang'aa kama kijiko cha mgeni.

Randa aliinama. Hakuhitaji rula. Mikono iliyoshika mbao miaka yote ile hujua kipimo kama ulimi unavyojua chumvi. Akaizungushia vidole, na vidole vikakutana mapema mno. Halafu, juu yake kidogo, kwenye ukingo wa chini wa bampa, akaona mkwaruzo uliopinda kama kucha, umepakwa rangi juu na mtu asiye fundi wa rangi. Ulipinda kama ukingo wa kikombe cha trela.

"Mama!" aliita, na sauti yake ikawafanya wale wawili waje mbio wakidhani ameanguka. "Una kikombe cha trela hapa? Kile cha kawaida, kinachouzwa kila duka?"

Mama Spana hakuuliza swali. Akaleta kimoja kutoka ukutani kwake, akakivika juu ya gololi ile, akabana. Kikaingia, kikafunga, kak! Ungesema vimezaliwa pamoja. Akakitikisa, kikacheza kama jino la mtoto. Kisha akakipiga kwa goti kutoka chini mara moja, kwa nguvu, kama barabara inavyopiga gari kwenye tuta. Kikombe kikaruka, kikakwaruza bampa pale pale penye rangi mbaya, kikaanguka chini.

Mama Spana akainama, akaipangusa gololi kwa kidole gumba.

"Hii ni ya vitrela vya bustani," alisema. "Vile vya kubebea majani. Watu huifunga kwa urembo, kwa kuwa ya kung'aa hupatikana kwa kipimo hiki tu. Ilikuja na gari. Mwenyewe nilimbadilishia kwa jipya. Aliniambia gari hili halijawahi kuvuta kitu."

"Aliniambia mimi mashua ilifumuka," alisema Randa.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la misumari ya zamani. Alilimwaga lote sakafuni. Kifurushi cha turubai kikabingirika kikasimama mguuni pake. Fundo lilikuwa pale pale. Fundo lake, lisilofunguka bila kukatwa, na hakuna kisu kilicholigusa. Grisi ilikuwa imepenya kwenye kitambaa na kukauka kwa miaka, na ndani gololi nyeusi ilikuwa haijawahi kuona jua.

Akaketi kwenye benchi la kazi, akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kirefu, mpaka binti yake akamletea maji.

"Sikukosea," alisema. "Unasikia? Gundi haikukosea. Mbao hazikukosea. Nimeitukana mikono hii bure."

Siku iliyofuata alirudi kwa Mama Spana. "Nipe la chungwa," alisema. Akaiomba na ile gololi ya kung'aa, akafunguliwa, akapewa imefungwa kwenye gazeti. Kuhusu gari la rangi ya fedha hakuuliza. Alikuwa ameelewa kwamba angekuwa amenunua uongo ule ule uliovunja mashua yake, tena kwa rangi nyingine. Na alikuwa amepata kitu cha kumpitishia Bwana Kioo mlangoni kizito kuliko gari.

Kwanza alikwenda kwa miguu. Hilo watu wajue: alimpa nafasi.

Sebuleni kwa shemeji viti vilikuwa bado na nailoni zake za dukani, na kila aliyekaa alipiga kelele. Bwana Kioo alikuwa katika furaha kubwa. Chama cha wenye mashua kilikuwa karibu kuchagua mwenyekiti, na jina lililopendekezwa lilikuwa moja tu, lake.

"Karibu shemeji! Umepotea! Nasikia una mashua nyingine. Hii umeifunga kwa kamba au kwa dua?"

Randa akaweka gololi mbili juu ya meza ya kioo, moja ya kung'aa, moja ndani ya turubai na fundo lake. Wakati huo mdogo wake aliingia na sinia ya maji. Aliona meza. Sinia ikaanza kuimba, bilauri kwa bilauri.

"Hiki nini?" aliuliza Bwana Kioo, na tayari sauti yake ilikuwa imetafuta mahali pa kukaa.

"Wewe niambie."

Bwana Kioo alitazama mlango, akatazama mkewe, kisha akatabasamu kama mtu anayelipa deni kwa tabasamu. "Shemeji, mambo ya kale hayo. Sisi wazee. Nani anakumbuka?"

"Muuguzi wa hospitali anakumbuka. Watoto wa mtaani ambao hawakuwa wamezaliwa wanakumbuka."

"Maneno ya mtaani huyajui? Upepo."

"Basi upepo uuvumishe wewe. Simama mbele ya chama, mahali pale pale, useme kwa mdomo ule ule: mashua haikufumuka, mimi ndiye niliyefunga gololi ya urembo. Sentensi moja. Halafu uchukue uenyekiti wako."

"Unataka nijivunjie heshima siku ya kuchaguliwa?"

"Mimi uliivunja yangu siku gani?"

Bwana Kioo akasimama, nailoni ikalia. Akabadilisha njia. "Sikiliza. Hiyo mashua mpya nitainunua mimi. Bei yoyote utakayotaja. Mwenyekiti akiwa na mashua ya Randa, nani atacheka tena?"

Maneno hayo yalikuwa matamu, na Randa alijua utamu wake. Lakini aliona pia jinsi yalivyopangwa: yeye angeendelea kuwa fundi aliyesamehewa, na mwenzake angeendelea kuwa msamehevu.

"Sina bei ya kutaja," alisema Randa, "haiuzwi kwako." Akachukua gololi zake, akatoka.

Mdogo wake alimfuata mpaka getini, kanga ikimdondoka begani.

"Kaka. Nilikuwamo garini."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimejua sasa hivi, ulivyoingia na sinia."

Akalia bila sauti, kama alivyokuwa akilia utotoni ili mama asisikie. "Alisema ile yako itamchafulia suruali. Grisi, alisema. Nikamwambia, kaka amesisitiza. Akasema, hii inalingana na bampa. Tulipofika kwenye tuta nilisikia kak!, nikageuka, nikaiona mashua inakwenda peke yake kama iliyosahau kitu nyumbani. Kaka, nilitaka kusema. Kila mwaka nilitaka kusema."

"Miaka ilikuwa mingi. Ulikuwa na nafasi ya kuchagua mmoja."

"Ni mume wangu! Ukimwaibisha yeye, mimi nitaishi naye vipi?"

"Kama nilivyoishi mimi. Utazoea kuitwa kwa kitu kilichovunjika."

Lilikuwa neno kali, na alilisema kwa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. Aliona lilivyoingia. Hakulirudisha. Njiani alijaribu kuona kama linamuuma, na akakuta linamuuma, na akakuta pia kwamba hasira iko palepale, nzima, haijapungua hata tone. Basi akatembea navyo vyote viwili mpaka nyumbani.

Barua aliiandika kwenye benchi la kazi, baada ya kulifagia maranda. Aliandika rasimu kwanza kwa penseli. Rasimu ilikuwa na maneno kama "mnafiki" na "joka la kioo", na aliyafurahia sana kwa muda wa kuyasoma. Kisha akayapiga mstari yote, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba msumari ukigongwa kwa hasira hupinda. Nakala safi ilisema hivi:

"Kwa Katibu na wanachama wa Chama cha Wenye Mashua. Salamu. Mimi ndiye Randa, fundi wa ile mashua mliyoambiwa ilifumuka yenyewe. Nawaalika karakanani kwangu siku moja kabla ya uchaguzi wenu. Sitahutubia. Juu ya meza kutakuwa na gololi mbili. Moja nilimpa mtu aifunge. Fundo langu bado liko juu yake, halijakatwa. Ya pili ndiyo aliyoifunga. Nje kutakuwa na trela na kikombe chake, na gololi nyingine ya kipimo sawa na ile ya fundo. Kivikeni kikombe juu ya kila gololi, mkipige kwa goti kutoka chini, mwone kinaruka kwenye ipi. Mlikuwepo bwawani siku ile, mlisikia aliyeyasema. Baada ya kujaribu kwa mikono yenu, mchagueni mwenyekiti mnayemtaka. Wenu, Randa."

Jina la shemeji halikuwemo. Halikuhitajika, na kutokuwepo kwake kulikuwa kukali kuliko kuwepo.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka na haikushika. Randa akaipaka gundi ya mbao, nyembamba, kando kando, akaibana kwenye jiliwa baina ya vibao viwili mpaka ikakauka. Ilipotoka ilikuwa imefungika kama droo nzuri.

"Hiyo katibu ataifungua kwa msumeno," alisema binti yake.

"Afungue kwa chochote."

Wakaitoa mashua. Randa mwenyewe alifunga gololi nyeusi nyingine, iliyonunuliwa siku hiyo kwa kipimo kile kile, maana ile ya fundo ilikuwa shahidi na shahidi hafanyishwi kazi. Akashusha kikombe, akabana, akakipiga kwa goti kutoka chini mara kadhaa, akaridhika. Pikapu ya chungwa ikachukua mzigo bila kushtuka. Mkia ulishuka kidogo, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti.

Posta ilikuwa na njia mbili. Walichukua ile inayopita kwa Bwana Kioo.

Alikuwepo barazani, na gazeti lake. Aliona rangi ya chungwa kwanza, akaanza kucheka; Randa aliona meno. Halafu akaona mashua nyuma, nyeupe, imenyooka, na Randa dirishani, ameinua bahasha mbele ya kioo kama mtu anayekagua noti kama ni halali. Gazeti likashuka. Mlangoni nyuma yake alisimama mdogo wake Randa. Hakupunga mkono, na wala hakuingia ndani.

Mbele yao lilikuwa tuta.

"Baba, nipunguze?"

"Usipunguze sana."

Pikapu ikapanda, ikashuka. Trela likapanda, likashuka. Chuma kikagonga chuma mara moja, kwa ukamilifu, na kikatulia. Mashua ikafuata kama mtoto aliyeshikwa mkono.

"Rudi," alisema Randa.

"Nini?"

"Geuza pale mbele. Tulipite tena."

Binti yake alimtazama kwenye kioo cha ndani, mara hii kioo kilikuwepo, akageuza. Wakalipita tena, kutoka upande wa pili, mbele ya baraza. Bwana Kioo alikuwa amesimama. Alifungua mdomo, labda kusema sentensi ile moja. Randa hakuteremsha kioo cha dirisha ili aisikie. Muda wa sentensi moja ulikuwa umekwisha sebuleni, juu ya nailoni.

Posta, hapakuwa na nafasi ya kuegesha gari lenye trela, kwa hiyo binti akabaki ameziba nusu ya barabara huku akijibu honi za watu kwa honi kubwa zaidi. Randa akashuka peke yake. Akasoma anwani mara ya mwisho, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa shule ya jioni kusoma kazi yake kabla ya kuikabidhi. Akapitisha kidole kwenye mshono wa bahasha. Haukuwa na pengo. Akaingiza barua kwenye mdomo wa sanduku, akaishikilia kidogo, akamfikiria mdogo wake mlangoni, kisha akaiachia, na akasikia jinsi ilivyofika chini.